Mstari wa Mama Stoo

Nimeombwa niandike ukurasa mmoja kuhusu maisha ya Mama Stoo, usomwe Ijumaa siku ya kumuaga akistaafu. Ukurasa mmoja! Na nimeombwa mimi, mtu ambaye kwa miaka ishirini na minne sijawahi kumsikia akisifiwa bila roho kuniuma. Mkuu wetu wa sasa ni mgeni, hajui. Aliniambia, "Wewe ndiye umekaa naye kuliko wote, mzee wangu. Andika tu kama yanavyokujia kichwani." Haya. Naandika kama yanavyonijia kichwani, na mtu asinilaumu.

Ofisi yetu inachora ramani. Chini kuna stoo ya karatasi, juu kuna chumba cha wachoraji: meza nane zilizoinamishwa, taa za shingo ndefu, na madirisha upande wa kushoto tu ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Mimi niliingia chumba hicho miaka thelathini iliyopita, nikiwa na cheti changu cha uchoraji nilichokifunga kwenye nailoni kisipate unyevu. Mama Stoo alikuja miaka sita baadaye na hakuingia chumba hicho kabisa. Aliajiriwa kutunza karatasi. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili wadogo, na cheti pekee alichokuwa nacho kilikuwa cha kupiga chapa.

Ramani kubwa ya nchi yetu haikai kwenye karatasi moja. Nchi ni pana mno. Basi la moja kwa moja kutoka mpaka wa juu hadi wa chini linatumia siku nne, tena madereva wanapokezana. Kwa hiyo imekatwa vipande mia mbili na kumi na sita, kila kipande karatasi yake, na zote zimelala kwenye droo pana za chuma kule chini. Kwa muda usiofika mwaka, Mama Stoo alizijua zote. Ukimwambia unataka ile yenye mto unaojikunja mara tatu, hakufungua daftari. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo, akakuletea, akasimama kidogo akikutazama unavyoanza kazi.

Hapo ndipo ningemfukuza, kwenye hilo la kusimama na kutazama. Sikumfukuza kwa sababu nilipenda kutazamwa.

Tukitaka kuunganisha karatasi kadhaa, tunachukua nakala zake, tunakata pambizo kwa wembe, tunagandisha michoro kwa gundi ikutane ukingo kwa ukingo. Vipande vya pambizo tunaviacha sakafuni. Mama Stoo alivikusanya vyote akavitia kwenye kopo la biskuti. Tulimtania kwamba anaandikia orodha za sokoni. Alicheka na sisi, akaendelea kukusanya.

Siku mchoraji mmoja alipovunjika mkono, mkuu wa wakati ule alimpa Mama Stoo kipande cha mto akinakili, kwa mzaha tu. Alikinakili. Mkuu akaishika karatasi dirishani, akaiweka juu ya karatasi ya asili, akatazama, akatazama tena, kisha akatuita wote tuje kuona. Baada ya miezi minane yule mama alikuwa na meza yake karibu na mlango. Wengine wakaanza kumwita dada. Mimi niling'ang'ania kumwita Mama Stoo ili asisahau alikotoka. Lakini jina lenyewe likampendeza, akawa anajitambulisha nalo hata kwenye simu.

Nilimwonea wivu. Nimeshaandika, yamekwisha. Mstari wangu ulikuwa sahihi. Wa kwake ulikuwa sahihi na ulikuwa mzuri, na kila aliyepita kati ya meza zetu alisimama kwake. Nikirudi nyumbani nilimsema kuanzia mlangoni hadi mezani. Mke wangu akachoka, siku moja akaweka kijiko chini. "Baba, huyo mwanamke unamtaja kuliko unavyonitaja mimi. Una kijiba cha roho naye, au unampenda? Nijue nianze kulia lipi." Nikamwambia hana adabu. Akasema, "Basi ni kijiba cha roho. Afadhali."

Sasa nije kwenye ile ramani, maana ndiyo iliyobeba yote.

Miaka kumi na moja iliyopita tuliagizwa kuchora ramani ya ukutani kwa ajili ya shule, inayogawa nchi kwa maumbile yake. Si mikoa. Mikoa imechorwa na watu, na watu wakiamka vibaya wanaichora upya. Walitaka mtoto aone nchi ilivyojigawa yenyewe: nyanda za juu ziko wapi, bonde linaanzia wapi, tambarare inaishia wapi. Ramani ile ingetundikwa katika kila darasa nchini, na kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo, lingekaa jina la mchoraji. Tangu ofisi ifunguliwe, jina la mchoraji halikuwahi kuwekwa kwenye ramani yoyote. Mkuu akasema wawili wachore rasimu, moja itachaguliwa. Akanitaja mimi. Nilikuwa bado sijamaliza kuvimba kichwa alipomtaja Mama Stoo.

Nililitaka jina lile mpaka likanikosesha raha ya chakula. Sina kitabu, sina ghorofa, sina hata shamba. Kitu pekee nilichokifanya duniani ni mistari kwenye karatasi zisizo na jina langu.

Mwenzangu alianzaje? Alishuka kwenye maegesho, akakaa kwenye benchi la madereva. Ofisi ilikuwa na madereva watano waliowapeleka wapimaji kila pembe ya nchi, na yeye akawa anawauliza mambo ya ajabu. Ukitoka mji ule kwenda ule, gia ya pili unaingiza wapi? Rejeta inachemkia wapi? Wapi abiria wanaanza kufunga vioo kwa baridi? Wapi unaweza kuona taa ya gari linalokuja nusu saa kabla hamjapishana? Akaandika kila jibu, akaja kuyaweka juu ya karatasi kwa penseli, nukta kwa nukta. Nilimwambia mbele za watu, "Mama Stoo, hii ni ofisi ya ramani au ni gereji?" Watu wakacheka. Yeye akasema, "Mlima ukimchosha dereva, kaka, huo ni mlima."

Mimi nilifanya kazi kitaalamu. Nikaunganisha nakala mia mbili na kumi na sita, nikakata pambizo zote kwa mkono wangu, nikaanza kupaka rangi kwa kufuata namba za mwinuko: chini ya kiasi hiki kijani, juu ya kiasi hiki njano, halafu kahawia. Nilikwenda mbio, maana nilitaka rangi zangu zionekane kabla nukta zake hazijaungana. Na katikati ya magharibi, mahali ambapo sijawahi kufika, na nilivyojua mimi hata ofisi haikuwahi kupeleka mtu tena tangu nilipoajiriwa, nikagundua ukuta. Upande mmoja namba zilikuwa mia tatu na hamsini, mia nne. Upande wa pili, palepale, elfu moja na mia tatu! Genge refu kilomita mia moja na sitini, limenyooka kutoka juu hadi chini, na nyuma yake, hadi mpakani, uwanda wa juu ambao hakuna kitabu kilichoutaja. Nikaupa jina: Ukuta wa Magharibi. Na kwa kuwa ulikuwa umenyooka kupita kiasi, niliupinda kidogo hapa na pale, usije ukaonekana umepigwa rula.

Hilo la kuupinda sijawahi kumwambia mtu.

Asubuhi ya kikao Mama Stoo alikuja kwenye meza yangu kabla wengine hawajafika. Alikuwa ameshika kipande kidogo cha karatasi. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "huu ukuta wako, madereva hawaujui. Yuko mmoja aliyepita huko kwenda kuzika, anasema hakubadilisha gia asubuhi nzima. Naomba uangalie hiki kwanza."

Sikukiangalia. Niliona mwanamke aliyetoka stoo amekuja kunivuruga saa moja kabla ya kikao. Nikamwambia, "Mama Stoo, chora yako. Yangu niachie."

Akanitazama kidogo. "Haya, kaka." Akakirudisha kile kipande mfukoni.

Kwenye kikao rasimu zetu zilitundikwa ubavu kwa ubavu. Ya kwake ilikuwa na kanda tano na hakuna mpaka uliokuwa mkali. Rangi ziliingiana, vilima vikilegea polepole mpaka vinakuwa tambarare. Ya kwangu ilikuwa na kanda sita na genge jeusi katikati ya magharibi ambalo hata kipofu angelipapasa. Mkuu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akatazama zote mbili. "Mtoto wa dawati la mwisho lazima aone," akasema. Akachagua yangu. Nilimtazama Mama Stoo nikisubiri aseme la madereva. Alinipa mkono.

Nilikuwa nimeshinda, na sikuweza kufurahi, kwa sababu hakuonekana kuumia. Ningempa nini aumie?

Basi nikachukua likizo ya wiki mbili nikapumzike na ushindi wangu. Kuchora nakala ya mwisho kwa wino, ile inayokwenda kiwandani, alipewa yeye. Mkono wake ndio uliokuwa bora, hilo lilikuwa halina ubishi tena. Niliporudi nilikuta mabunda ya ramani zilizochapwa yamejaa kwenye korido. Nikachana bunda moja hapohapo. Kona ya chini, jina langu. Katikati ya magharibi, hakuna ukuta. Genge langu halipo, uwanda wangu wa juu haupo, na kanda zimebaki tano. Mahali pake palipita mstari mmoja laini, ukitoka kwenye vilima vya kaskazini ukishuka taratibu kuelekea kwenye bonde, na nilijua mkono uliouchora kabla sijamaliza kuutazama.

Nilipanda ngazi mbili mbili kwenda kwa mkuu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo aliposimama kunipa mkono. "Safi sana," akasema. "Mama Stoo alinieleza kwamba uligundua kosa mwenyewe ukamwachia maagizo kabla ya likizo. Wachache wanaokubali kujisahihisha baada ya kushinda." Nikasema asante.

Sikumuuliza Mama Stoo. Nilitaka kwanza nimkamate na uongo. Mwezi uliofuata nikajipachika kwenye safari ya wapimaji, na kwa kumsihi dereva nikapelekwa hadi pale nilipouchora ukuta. Tulikwenda siku mbili. Siku ya tatu dereva alizima injini katikati ya nyasi fupi zilizolala kila upande hadi jicho linapochoka. "Hapa ndipo penyewe, mzee," akasema. Nikashuka. Nikatembea mashariki hatua mia tano, nikarudi, nikatembea magharibi hatua mia tano. Mpira ungewekwa pale chini usingejua uende wapi. Dereva alikuwa ameegemea mlango. "Unatafuta nini nikusaidie?" Nikamwambia nanyoosha miguu.

Niliporudi nilishuka stoo, nikavuta karatasi tatu za magharibi, zile za uwanda wangu wa juu, nzima, na pambizo zake. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa maneno: *Mwinuko wote ni kwa futi*. Nchi nzima tulikuwa tumeshahamia mita, karatasi mia mbili na kumi na tatu. Zile tatu zilibaki na futi kwa sababu hakuna aliyerudi kupima. Futi tatu na kitu ndizo mita moja. Nyasi zilezile za mita mia nne nilizisoma elfu moja na mia tatu, kwa kuwa onyo lilikuwa kwenye pambizo, na pambizo nilikuwa nimezikata na kuziacha sakafuni. Ukuta wangu ulikuwa ni mahali karatasi za mita zilipogandishwa na za futi. Neno futi lilinitosha. Nikafunga droo, sikutazama kingine.

Mtu mwema angepanda ngazi akamwambia asante. Mimi nilipanda ngazi nikakaa kwenye meza yangu na kuendelea na kazi. Wivu wangu haukuisha, uliongezeka. Awali nilimwonea wivu kwa mistari yake. Sasa ilinibidi nimwonee wivu kwa mstari wenye jina langu. Maana ndio uliosifiwa! Walimu waliandika barua kwamba watoto wanaelewa hasa pale kwenye mteremko wa magharibi, jinsi nchi inavyoshuka bila kukatika. Barua zilisomwa kwa sauti, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Yeye alipiga makofi pamoja na wengine. Mjukuu wangu aliwavuta wenzake darasani hadi kwenye kona ya ramani, akawaonyesha kidole: babu yangu huyu. Miaka kumi na moja nimeishi hivyo.

Wiki iliyopita mkuu huyu mpya, pamoja na kazi ya kuandika ukurasa huu, alinipa fomu. Ramani inachapwa upya. "Kama kuna la kurekebisha, jaza. Majina ya miji, barabara, chochote." Fomu ina sehemu saba. Ya sita imeandikwa: *Mchoraji*. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikatembea nayo siku tatu. Mara mbili niliitoa, nikajaza miji na barabara, nikaruka ya sita.

Jana nilikwenda kwenye meza yake karibu na mlango. Alikuwa anafungasha: kalamu, miwani ya akiba, picha ya watoto wake ambao sasa ni watu wazima, na lile kopo la biskuti. Nikavuta kiti. Nikamwambia nimeshajua ya futi. Akasema, "Najua unajua. Dereva aliniambia ulivyonyoosha miguu."

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Ningesema ungeshikilia ukuta wako mpaka leo. Nakufahamu."

"Na jina? Kwa nini uliniachia jina?"

"Ulishinda wewe, kaka. Mimi nilipewa kunakili. Ningeliondoa kwa mamlaka gani?" Akafunga kalamu kwa mpira. "Tena ule mstari si wangu. Ni wa madereva."

Nikaona wivu hata kwa hilo, kwa jinsi alivyolisema bila kumeza mate. Nikamuuliza sasa aliyajuaje ya futi, ikiwa madereva walijua gia tu. Akafungua kopo. Lilikuwa limeshindiliwa vipande vya pambizo, vimefungwa kwa nyuzi, mafungu kwa mafungu. Akachomoa kimoja akakiweka mbele yangu. *Mwinuko wote ni kwa futi*.

"Hiki ndicho nilichokuletea asubuhi ile," akasema. "Nilikuwa nacho tangu mwaka wangu wa kwanza stoo, nakijua kwa moyo. Sikuweza kuchora bila kujua kuandika herufi za ramani, na hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nachukua hivi vipande nyumbani, watoto wakishakula nafuta meza, nafuatiza herufi kwa penseli. Vyote humu vya mkono mmoja. Nilichagua mkono uliokuwa mzuri kuliko yote ofisini, mingine niliitupa. Nilikuonea wivu sana, kaka. Nilikuwa nikikuletea karatasi nasimama pale makusudi, nione unavyoishika kalamu."

Niliinama nikatazama. Ile herufi ya kwanza ya neno futi ilikuwa imeshushwa mkia chini ya mstari. Hapa ofisini aliyewahi kuiandika hivyo ni mmoja tu, kijana mwenye cheti kwenye nailoni, katika mwaka wake wa kwanza, kabla mkuu hajamkataza hayo madoido. Karatasi zile tatu niliziandika mimi. Onyo lilikuwa la mkono wangu. Nililiandika, nikalisahau, nikalikata kwa wembe, na aliyeliokota sakafuni akaniletea mezani nilimwambia achore yake.

Yeye aliendelea kufungasha. Mwishoni nikasema, "Dada, naomba kalamu moja."

Alisimamisha mikono, maana sikuwahi kumwita hivyo. "Zote nimeshafunga. Penseli ipo."

Nikamwambia penseli sitaki. Akafungua ule mpira, akanipa kalamu ya wino. Sehemu ya sita nimeijaza palepale mezani kwake, jina lake lote, na herufi zake nimezishusha mikia kama zamani. Nimetumia wino kwa sababu najijua: ingekuwa penseli, kufikia Ijumaa ningekuwa nimeshafuta.